Kura ya Mama, Kalamu ya Binti

Mwaka 2013 mama yangu aligombea udiwani. Kisheria kiti kilikuwa kimeshabadilishwa jina, kikawa cha mwakilishi wa wadi, lakini mtaani kwetu watu wazima bado walisema diwani na sisi tukafuata. Nilikuwa na miaka 14. Kazi yangu ilikuwa kukoroga gundi ya unga wa ngano ya kubandikia posta, na kubaki nyumbani na ndugu yangu mdogo aliyekuwa na pumu. Dada yangu ndiye aliyeandamana na Mama kwenye mikutano, kwa sababu dada alijua kuongea. Mama aliangushwa kwenye mchujo wa chama. Hadi leo akiwasimulia wageni habari hiyo huisimulia vizuri sana, kwa vituo na vichekesho, na wageni hucheka pale anapotaka wacheke. Mimi simo. Gundi haimo. Pumu haimo.

Naanza hapo ili ujue ni msomaji wa aina gani anayekuandikia. Vitabu ninavyotaka kuvizungumzia ni vigumu kuvisoma bila kuchukua upande, na mimi wangu nilikuwa nao kabla sijafungua ukurasa wa kwanza. Ni vitabu vitatu kuhusu wanawake wa Uingereza waliopigania haki ya kupiga kura, na vyote vimetoka nyumba moja. My Own Story ni cha Emmeline Pankhurst, mama, mwaka 1914. The Suffragette Movement ni cha Sylvia, binti yake wa pili, mwaka 1931. Unshackled ni cha Christabel, binti wa kwanza, na kilitoka mwaka 1959. Harakati ni zilezile, jela ni zilezile, lakini ukivisoma kwa kufuatana utadhani ni familia tatu zisizojuana.

Mimi niliingilia mlango wa filamu, kama wengi wetu. Suffragette ya mwaka 2015, iliyoongozwa na Sarah Gavron na kuandikwa na Abi Morgan, inamfuata Maud Watts, mfanyakazi wa dobi mashariki mwa London, anavyovutwa kidogo kidogo kwenye harakati mpaka anapoteza kazi, ndoa na mtoto. Carey Mulligan anamwigiza kwa uso uliochoka ambao sijausahau. Meryl Streep ni Emmeline Pankhurst. Anatokea kwa dakika chache tu, anahutubia kutoka roshani, kisha anatoweka kama malaika aliyekuja kuleta habari. Naipenda filamu hiyo. Inajua mvuke wa chumba cha kufulia, na inajua kwamba mwanamke maskini akiingia kwenye harakati, bili ya kwanza huletwa nyumbani kwake.

Lakini Maud ni wa kubuni. Huko mashariki mwa London kulikuwa na wanawake halisi wa kiwandani na wa kufua nguo waliojipanga kwa ajili ya kura, na mtu aliyehamia kwao, akafungua ofisi kwao na kuchapisha gazeti nao ni Sylvia Pankhurst. Katika filamu yeye hana sura. Wamechukua mtaa wake wakamwacha mwenyewe nje. Jambo hilo lilinikera kiasi cha kwenda kutafuta vitabu. Cha mama nilikipata bure mtandaoni, nikakisoma kwenye simu, matatu ikiwa imekwama kwa jam. Cha Sylvia nilikinunua kwa wale wauza vitabu wa chini, pale tunapoita Inama: kopi nene ya zamani, zaidi ya kurasa 600, imeandikwa jina la mtu kwa kalamu ya risasi.

Tuanze na mama. My Own Story kiliandikwa haraka. Emmeline alikuwa amepita miaka 55, mwili umechakaa kwa kugoma kula gerezani, na aliyeketi naye kuyapanga maneno yake alikuwa mwandishi wa habari Mmarekani, Rheta Childe Dorr. Marekani ndiko Emmeline alikokuwa akienda kuhutubia na kuchangisha pesa. Kwa hivyo hiki ni kitabu cha kampeni, na lazima kisomwe hivyo. Kuna tukio la mwanzoni ambalo kila anayeandika habari zake hulirudia: yuko kitandani, mtoto mdogo, anajifanya amelala. Baba anainama juu yake na kusikitika kwamba hakuzaliwa mvulana. Mtoto hafungui macho. Ni tukio zuri, na ona linavyotumika. Halikai kama jeraha. Linakuwa ngazi ya kwanza, na kila kinachofuata ni ngazi nyingine: kazi yake kwenye bodi ya kusimamia maskini wa Manchester, ambako aliona wasichana wadogo wakisugua sakafu ya mawe baridi, kuanzishwa kwa chama cha WSPU nyumbani kwake Manchester mwaka 1903, Christabel na mfanyakazi wa kiwanda cha pamba, Annie Kenney, kukamatwa mwaka 1905 baada ya kuuliza swali la kura kwenye mkutano wa chama cha Liberal, jela, mgomo wa kula, wafungwa kulishwa kwa nguvu kwa mpira, na ile sheria ya 1913 ambayo watu waliiita Paka na Panya, kwa kuwa ilimwachilia mfungwa aliyedhoofika kwa njaa, ikasubiri apate nafuu, kisha ikamrudisha ndani.

Hakuna ngazi iliyovunjika. Huyu ni mwanamke ambaye cheti chake cha kuzaliwa kinasema 15 Julai 1858, ilhali yeye alipenda kusema 14 Julai, siku Wafaransa walipovamia gereza la Bastille. Siku moja tu aliisogeza! Lakini kwa mhakiki siku hiyo inatosha. Inakuonyesha mkono wa mhariri. Emmeline aliyahariri maisha yake tangu siku ya kuzaliwa ili yawe hoja, na hoja hiyo ilishinda. Sioni haya kusema kitabu chake kilinipandisha mori. Nilikimaliza nikitaka kuvunja dirisha la mtu.

Kisha nikafungua cha binti.

Sylvia alikuwa mchoraji kabla hajawa kitu kingine. Alisoma Royal College of Art, London, akachora bendera na nembo za chama cha mama yake, na mwaka 1907 alizunguka Uingereza akiwachora wanawake kazini: wa viwanda vya vyungu, wa minyororo, wa machimbo ya makaa. Macho hayo ndiyo yanayoandika The Suffragette Movement. Mama anakueleza kilichotokea na maana yake. Sylvia anakuambia nani alikuwa amesimama wapi.

Chukua kifo cha baba. Richard Pankhurst alikuwa wakili, na ndiye aliyeuandika mswada wa kwanza wa kura ya wanawake uliofikishwa katika Bunge la Uingereza, mwaka 1870. Alipougua ghafla mwaka 1898, Emmeline alikuwa Geneva na Christabel. Nyumbani alibaki Sylvia, miaka 16, na wadogo zake. Ni yeye aliyemwona baba akizidiwa na akiondoka. Emmeline alikuwa kwenye treni, akirudi mbio Manchester, alipoona habari ya msiba wake mwenyewe kwenye gazeti la abiria mwingine. Nilisoma sehemu hiyo jioni, umeme umepotea, kwa tochi ya simu, na niliposhuka kwenye aya ya mwisho nikagundua ninamsikiliza ndugu yangu anavyopumua chumba cha pili. Ana miaka 20 sasa. Pumu ilishamwisha zamani.

Halafu kuna Harry, kijana wao wa kiume. Alipooza ghafla mwaka 1909. Oktoba mwaka huo Emmeline alipanda meli kwenda Marekani kwenye ziara yake ya hotuba, ziara iliyohitajika kwa pesa. Sylvia ndiye aliyekaa kitandani kwa kaka. Harry akamfungulia moyo kwamba kuna msichana anampenda, Helen Craggs, na Sylvia akamwita msichana huyo aje akae naye. Emmeline alirudi kabla Harry hajafa Januari 1910. Kura haikuwa imepatikana, na miaka minane zaidi ingepita.

Hapa ndipo msomaji hugawanyika, na rafiki yangu mmoja tuliyesoma naye kitabu hiki aligombana nami vibaya. Yeye alisema: mbona baba wa taifa yeyote akiacha wanawe kwenda kuhutubia ulimwengu, hatuandiki kurasa 600 za kumlilia? Mbona mwanamke tu ndiye anayeletewa hesabu ya kitanda cha mgonjwa? Sikuwa na jibu. Bado sina kamili. Ninachoweza kusema ni kwamba Sylvia haandiki kwamba mama angebaki nyumbani. Anaandika kwamba mtu alibaki nyumbani. Hayo ni mambo mawili, na kitabu cha mama hakina nafasi ya la pili.

Moyo wa kitabu ni Paris, Januari 1914. Christabel alikuwa amekimbilia huko kukwepa kukamatwa, na alikiongoza chama kwa barua na wajumbe. Sylvia aliitwa avuke bahari kuonana naye, akiwa dhaifu kwa jela na njaa. Kosa lake: shirikisho lake la mashariki mwa London lilikuwa la wanawake wafanyakazi, lilijiendesha kwa kupiga kura lenyewe, na alikuwa amepanda jukwaa la Albert Hall kuwaunga mkono wafanyakazi wa Dublin waliofungiwa nje ya kazi. Christabel akamweleza kwamba chama hakitaki mambo hayo, na kwamba wanawake wafanyakazi ndio sehemu dhaifu ya jinsia yao, vita haviwezi kupiganwa kwa silaha dhaifu. Mama alikuwepo chumbani. Sylvia anakumbuka kwamba dada yake, wakati wote wa maongezi, alikuwa amempakata kimbwa chake kidogo.

Kimbwa hicho! Nimekifikiria kuliko hotuba zote za kitabu cha mama. Ni maelezo ya mchoraji na ni kisu pia. Hakuna njia ya Christabel kupona kutoka kwenye sentensi hiyo, na Sylvia anajua. Ndiyo maana mwanahistoria June Purvis, aliyeandika wasifu mkubwa wa Emmeline mwaka 2002, analalamika kwamba kwa miongo mingi watu wamemwona mama kupitia macho ya binti aliyeumia. Ana haki. Katika kitabu hiki baba ni mtakatifu, Christabel ni barafu, na Emmeline ni mwanamke shujaa aliyerogwa na mwanawe kipenzi. Wale waliopigania kura bila kuvunja sheria, maelfu waliokuwa nyuma ya Millicent Fawcett, wanapita kama watu wa pembeni kwenye harusi ya wengine. Na kuna jambo jingine: Emmeline alifariki Juni 1928. Kitabu kilitoka 1931. Hawakuwa wanaongea. Desemba 1927 Sylvia alijifungua mtoto nje ya ndoa na mama hakumsamehe. Kwa hivyo mshtakiwa mkuu wa kitabu hiki hakuweza kukisoma. Binti alingoja uwanja uwe mtupu ndipo akaingia.

Hata hivyo ninakiweka juu ya vingine viwili, na sababu yangu si huruma. Ni majina. Kuna kurasa nyingi ambazo nilitaka kuziruka: nani alikamatwa, nani alisimama kwenye kona ipi, nani aliazima chumba, nani alipika. Nilichoshwa, sitakudanganya. Kisha nikaona kwamba huko kuchoshwa ndiko hasa Emmeline alikotuepusha. Jeshi lina jenerali na askari, na askari hawatajwi. Mwaka 1907 Emmeline aliifuta katiba ya chama, na wale waliotaka maamuzi ya pamoja wakaondoka kuanzisha chama kingine. Alisema waziwazi kwamba hili ni jeshi. Sylvia anaandika kana kwamba hakuna mtu mdogo. Juni 1914 alitoka jela hajiwezi, akalazwa chini karibu na mlango wa Bunge, akasema hatakula mpaka Waziri Mkuu Asquith akubali kuwaona wanawake wa mashariki mwa London. Asquith alikubali. Walioingia ni sita, akina mama wa kazi za mikono, nao walimweleza mishahara yao na kodi zao za nyumba kwa midomo yao. Sylvia mwenyewe hakuwa mmoja wa hao sita. Katika maisha yote ya wapigania kura niliyosoma, sijaona tendo la uongozi linalozidi hilo: kujilaza mlangoni ili wengine waingie.

Wewe uliyekuwa barabarani Juni 2024 unajua kwa nini nasisitiza hapa. Tulisema hatuna kiongozi, hatuna chama, hatuna kabila, na tulimaanisha. Lakini harakati zisizo na jenerali zina hatari yake kwa upande wa maandishi: kumbukumbu hukaa kwenye simu zilizopotea na akaunti zilizofungwa, na baada ya miaka kumi atatokea mtu mwenye sauti nzuri akasimulia kama yeye ndiye aliyeziongoza. Kitabu cha Sylvia, pamoja na ubishi wake wote, ni somo la namna ya kumwahi mtu huyo. Andika majina. Andika nani alileta maji.

Christabel sitamchukulia muda mrefu, ingawa alikuwa na akili kuliko wote. Mwaka 1906 alipata shahada ya sheria kwa alama za juu kabisa, na hakuweza kufanya kazi ya uwakili kwa sababu ni mwanamke. Hasira ya mtu wa namna hiyo ingejaza kabati la vitabu. Unshackled haina hasira. Inateleza. Watu wote wana adabu, mama ni mwema, ugomvi wa nyumbani umefunikiwa kawa mwanaharamu apite. Muswada ulikuwa kwenye makaratasi yake alipofariki Marekani Februari 1958, na aliyeuhariri ukachapishwa ni Frederick Pethick-Lawrence. Huyu ni nani? Ni yule ambaye yeye na mkewe walitoa pesa na nguvu zao zote kwa WSPU, wakaenda jela, kisha Oktoba 1912 wakafukuzwa na Emmeline na Christabel. Miaka 47 baadaye mzee huyo anakaa chini na kukisafisha kitabu cha aliyemfukuza. Kwangu mimi, hadithi bora kuhusu Unshackled ni hiyo, na haimo kwenye hadithi anayosimulia Christabel.

Sasa niseme la kwetu, maana vitabu vyote vitatu vinaishia mahali ambapo swali la msomaji wa Nairobi linaanzia. Sheria ya 1918 iliwapa kura wanawake wa Uingereza takriban milioni 8.4, waliozidi miaka 30 na waliotimiza masharti ya mali. Usawa na wanaume, kuanzia miaka 21, ulikuja Julai 1928, wiki chache baada ya Emmeline kuzikwa. Hayo ni ya kwao. Kwetu je? Filamu ya Suffragette inamalizika kwa orodha ya nchi na miaka ambayo wanawake walipata kura. Orodha ya namna hiyo hunishinda kila nikijaribu kuiandikia Kenya. Niandike 1919? Mwaka huo wanawake walipata kura katika nchi hii: wanawake Wazungu. Jumuiya yao, East Africa Women's League, ilianzishwa mwaka 1917, na kura ilikuwa kati ya madai yake ya kwanza. Au niandike 1957, Waafrika walipowachagua wawakilishi wao mara ya kwanza, kwa masharti ya elimu, kipato na mali, huku wanawake Waarabu wa pwani wakiwa bado wamefungiwa nje? Au 1963, sote?

Wale wanawake wa 1919 walikuwa wapigania kura. Siwezi kuwanyima jina hilo. Walidai haki ambayo ni haki, na waliipata. Na miaka mitatu baadaye, tarehe 16 Machi 1922, Mary Muthoni Nyanjiru alisimama mbele ya kituo cha polisi Nairobi akidai Harry Thuku aachiliwe, akapigwa risasi akafa. Yeye hakuwa na kura, hakuwa na gazeti, na hakuacha binti wa kumwandikia kurasa 600. Maisha yake yote tunayoyajua yanatosha aya moja, na aya yenyewe inahusu dakika zake za mwisho. Waigizaji wa Suffragette walipopigwa picha wamevaa fulana zenye maneno ya Emmeline ya 1913, kwamba yeye ni heri uasi kuliko utumwa, watu wengi weusi walikasirika, na mimi nikaelewa kwa nini. Kwa Emmeline utumwa ulikuwa mfano wa kutilia nguvu hotuba. Kwa wengine ulikuwa babu.

Je, Sylvia aliliona hilo? Kwenye kitabu cha 1931 sioni kwamba swali limefika. Kwenye maisha yake lilifika. Mwaka 1920 gazeti lake lilimwajiri Claude McKay, mshairi kutoka Jamaika. Mei 1936, Waitalia walipoingia Addis Ababa, alianzisha gazeti jingine, New Times and Ethiopia News, akaliendesha miaka 20 wakati serikali yake mwenyewe ilikuwa tayari kusahau. Mwaka 1956, akiwa na miaka 74, alihamia Addis, na huko alifariki tarehe 27 Septemba 1960.

Nilipita Addis mwaka juzi, ndege ikiwa imenipa saa tisa za kungoja, nikachukua teksi hadi Kanisa Kuu la Utatu Mtakatifu. Wengi huenda kwa ajili ya Haile Selassie, ambaye kaburi lake liko ndani. La Sylvia liko nje, mbele ya kanisa, kati ya mashujaa wa vita dhidi ya Waitalia. Mwanawe Richard, yule mtoto aliyemtenga na mama yake, alikua mwanahistoria mkubwa wa Ethiopia, naye akazikwa pale mwaka 2017. Nilisimama nikitaka kuguswa moyo, lakini kilichonijia ni swali la kihakiki. Mwanamke huyu aliyekataa kila amri, kuanzia ya mama yake, aliimalizia kalamu yake kwa kumsifu mfalme. Aliyewataja wanawake wa kufua nguo kwa majina, je, aliyaona majina ya wakulima wa mfalme? Hata yeye alikuwa na mahali ambapo jicho la mchoraji lilifumba. Nikaona sasa nampenda kidogo kama mtu, na si kama ushahidi wa kesi yangu.

Kwa hivyo ushauri wangu ni huu. Soma cha mama kwanza, kwa mwendo wa haraka, kikupandishe mori. Kisha soma cha Sylvia polepole, bila kuruka majina. Cha Christabel soma ukiwa umeshavijua hivyo viwili, uone ukimya unavyofanya kazi. Usitafute nani kati yao anasema kweli. Angalia kila mmoja alimwacha nani nje, kwa sababu hapo ndipo utakapojua aliandika kwa ajili ya nini.

Mama yangu yuko hai, na boksi la posta zilizobaki liko juu ya kabati lake la nguo, picha yake ikiwa na nywele zote nyeusi. Wiki iliyopita nilimuuliza nani walitusaidia kubandika zile posta. Akanyamaza, akaanza kuhesabu kwa vidole: yule wa mboga, mkewe fundi wa viatu, vijana wawili wa kituo cha bodaboda. Akafika tisa. Kisha akaniuliza, "Na wewe ulikuwa wapi siku hizo?"

Nikamwambia nilikuwa nyumbani, nakoroga gundi.

"Ah, kweli," akasema. "Ilikuwa na madonge."

Nimeanza kuandika. Sijamwambia. Ila nimeamua kitu kimoja ambacho Sylvia hakukifanya: atakisoma akiwa hai, na akitaka kubisha, abishe.